Basi, Mtaa na Mwaka: Namna ya Kuisoma Picha ya Mjini ya Zamani

(Maneno haya yalisemwa Dar es Salaam mbele ya mkutano wa wakazi wanaokusanya picha za zamani za miji yetu. Yamewekwa hapa kamili kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, na ninyi vijana mliojaa kule nyuma, habari za asubuhi.

Naona wengi mmekuja na bahasha. Nyingine zimefungwa kwa mpira, nyingine zimo ndani ya mifuko ya plastiki, na mama mmoja hapa mbele ameibeba yake ndani ya Biblia. Humo ndani mna picha. Nyingi hazina neno lolote nyuma. Nyingine zina maneno, lakini nani aliyeyaandika? Lini? Na alijuaje?

Leo sitazungumzia picha za harusi wala za studio. Nazungumzia picha za barabarani zenye mabasi. Kwa nini mabasi? Kwa sababu katika picha ya mjini hakuna kitu kinachosema wazi kama basi. Ubavuni lina jina la kampuni, juu ya kioo cha mbele lina njia yake, chini lina namba ya usajili, na kiwanda kilicholiunda kinajulikana. Tena basi halikai. Jengo hukaa miaka mia, mwembe hukaa zaidi ya hapo, lakini basi la mjini likipiga njia kila siku kwenye mashimo yetu, miaka kumi na kitu limechoka. Kwa hiyo jengo litakwambia uko wapi, na basi litakwambia uko lini.

Naomba mlishike jambo moja, na yote nitakayosema yatatoka humo. Kila picha ina mipaka miwili ya miaka. Mpaka wa kwanza unawekwa na kitu kipya kuliko vyote kinachoonekana ndani yake: picha haiwezi kutangulia kuzaliwa kwa kitu hicho. Mpaka wa pili unawekwa na kitu ambacho bado kipo pichani lakini baadaye kiliondoka: picha haiwezi kuja baada ya kuondoka kwake. Tafuta kilichofika mwisho. Tafuta kilichoondoka kwanza. Mwaka wako umo kati ya hivyo viwili.

Nitaanza na picha moja ambayo wengi mmeipokea kwenye simu zenu kila inapofika tarehe 9 Desemba. Umati wa watu kando ya barabara, mama amebeba mtoto mgongoni, na nyuma yao basi refu. Chini imeandikwa: "Dar es Salaam, siku ya Uhuru, 1961." Watu wanaisambaza, wanaweka bendera, wanaweka mioyo.

Ndugu zangu, litazameni lile basi! Lina mkunjo katikati. Ni Ikarus, lile la kutoka Hungary ambalo wengi hapa mlilipanda na kuliita kumbakumba. Ikarus 280, basi lenye mkunjo la aina ile, lilianza kuundwa mwaka 1973. Na ubavuni, ukiikuza picha, unaziona herufi tatu: UDA. Shirika la Usafiri Dar es Salaam liliundwa mwaka 1974. Basi la UDA lilifikaje kwenye sherehe za 1961? Halikufika. Picha ile imepigwa si chini ya miaka kumi na miwili baada ya Uhuru.

Kijana mmoja aliniuliza, kwani kuna ubaya gani? Si picha nzuri tu? Nikamwambia ubaya upo, tena mkubwa. Wale si watu wa sherehe. Wale ni wafanyakazi wa miaka ya sabini na themanini, wapo kwenye foleni ya basi, katika miaka ambayo sabuni na sukari navyo vilikuwa na foleni. Ile ni historia yao. Wameamka alfajiri, wamesimama saa nzima, wamefika kazini wakiwa wamechoka, na nchi ikaenda. Ukiwaandikia 1961 umewanyang'anya asubuhi ile. Umewapa siku ya watu wengine.

Sasa tuzifuate zile herufi za ubavuni, maana hapo ndipo penye chakula. Kabla ya UDA jiji hili lilikuwa na DMT, Dar es Salaam Motor Transport, kampuni ya wakati wa mkoloni iliyoanza baada ya Vita Kuu ya Pili. Wazee wanaoijua naona wanatikisa vichwa. Mwaka 1974 kazi zake ziligawanywa: UDA ikachukua mabasi ya mjini, na KAMATA, Kampuni ya Mabasi ya Taifa, ikachukua ya mikoani. Ukiona DMT ubavuni, una sababu nzuri ya kusema kabla ya 1974, ila acha nafasi kidogo, maana rangi haibadilishwi usiku mmoja na basi bovu huweza kukaa gereji na jina lake la zamani. Ukiona UDA, ni 1974 kuja huku, na hapo hakuna mjadala.

Vipi kuhusu daladala? Mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa rasmi mwaka 1983. Ukiiona daladala yenye leseni kwenye picha, umepata mpaka wa kwanza. Lakini sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu watu wengi hujikwaa: usipoiona daladala hujathibitisha lolote. Pengine ilikuwa imeshapita. Pengine mpiga picha aligeukia upande wa pili. Kilichopo ni ushahidi. Kisichokuwepo ni dokezo tu.

Wenzetu wa Nairobi wana herufi zao pia. KBS, Kenya Bus Service, ilianza mwaka 1934. Mabasi ya Nyayo, yale ya serikali, yaliingia barabarani 1986. Jina la Stagecoach likionekana ubavuni, uko 1991 au baada yake, kwa sababu ndipo kampuni hiyo ya Uskoti ilipoinunua KBS, ikaiuza mwaka 1998. Na matatu? Itazame kiunoni. Ikiwa na ule mstari wa njano uliozunguka gari zima, picha ni ya baada ya kanuni za matatu za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa Kenya, zilizotangazwa mwishoni mwa 2003 na kuanza kubana mwaka 2004. Mstari mmoja wa rangi, umepata mpaka! Namba nazo zinasaidia. Kenya ilianza kuweka herufi ya mwisho baada ya tarakimu mwaka 1989, kwa hiyo gari lenye namba ya KAA ikifuatwa na tarakimu na herufi haliwezi kuwa kwenye picha ya 1982. Hapa kwetu, namba yenye T peke yake, tarakimu tatu, herufi tatu, ni miaka ya 2000 kuja huku.

Kwenye mabasi ya zamani zaidi kuna jambo ambalo mafundi waliomo humu wanalijua kuliko mimi. Basi la wakati ule lilikuwa vitu viwili. Chini kulikuwa na chesisi, yaani fremu inayolibeba basi, na injini kutoka Uingereza, Bedford, Leyland, Albion. Juu kulikuwa na bodi, na bodi nyingi zilijengwa hapahapa Afrika Mashariki na mafundi wetu, Waasia na Waafrika, kwa mbao na bati. Kwa hiyo nembo ya mbele inakwambia chesisi ilitoka wapi. Albion, kwa mfano, ilikuwa na alama ya jua linalochomoza kwenye rejeta. Lakini bodi huenda ilijengwa upya baada ya ajali au baada ya mbao kuoza. Mwaka wa chesisi ni mpaka wa kwanza tu. Usiuandike kana kwamba ndio mwaka wa picha.

Na paa je? Paa likiwa na keria, yenye magunia na matenga ya kuku, hilo ni basi la safari ndefu, si la mjini. Ukiliona katikati ya Dar es Salaam, anza kufikiria stendi: Kisutu, Mnazi Mmoja. Ubungo ilikuja baadaye sana, na Mbezi Luis ni ya juzi, 2021.

Nimesema basi linakwambia lini. Sasa twende kwenye wapi, yaani mitaa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo familia nyingi zinapopoteza njia.

Familia moja ya hapa mjini ilikuwa na picha ya babu yao amesimama mbele ya duka, na pembeni limeingia nusu basi. Nyuma, kwa penseli: "Kichwele, mbele ya duka letu." Babu alikwisha kufariki. Wajukuu wakauliza Kichwele ni wapi. Wakaambiwa iko Unguja, na kweli Unguja kuna Kichwele. Wakavuka bahari. Wakazunguka, wakaonyesha picha, hakuna aliyelitambua duka. Walirudi wakiamini kwamba duka limevunjwa na kwamba ukoo wao umetoka Unguja. Walishaanza hata kuandika hivyo.

Siku moja jirani yao mzee akaiona ile picha. Akacheka, akawaambia, "Wanangu, Kichwele si ndio hapa mnapopita kila siku?" Mtaa wa Uhuru, ndugu zangu! Kabla ya kuitwa Uhuru uliitwa Kichwele. Walivuka bahari kutafuta mahali palipo mwendo wa miguu kutoka nyumbani kwao. Na lile nusu basi lilikuwa likiwaambia tangu mwanzo: lilikuwa basi la DMT, la njia za mjini.

Kwa hiyo jifunzeni majina ya zamani. Barabara ya Samora ilikuwa Independence Avenue, kabla ya hapo Acacia Avenue, na wakati wa Wajerumani Unter den Akazien. Mtaa mmoja, majina manne, na kila jina ni saa ya enzi yake. Postikadi iliyochapishwa Acacia Avenue inakueleza kwamba jina la ukoloni lilikuwa bado linatumika. Ikiandikwa Independence Avenue, ni baada ya 1961. Sokoine Drive iliitwa City Drive. Barabara ya Nyerere ilikuwa Pugu Road, na wapo makondakta waliozeeka wakiita Pugu Road hadi leo. Nairobi nako: Delamere Avenue ndiyo Kenyatta Avenue, Hardinge Street ndiyo Kimathi Street, Donholm Road ndiyo Jogoo Road, Grogan Road ndiyo Kirinyaga Road.

Tukiwa Nairobi, mfikirieni Tom Mboya, yule waziri wa Kenya. Aliuawa tarehe 5 Julai 1969. Utasoma mahali pengi kwamba aliuawa Moi Avenue. Mahali ni hapo hapo, sawa. Lakini siku ile mtaa ule uliitwa Government Road. Jina la Moi lilikuja baada ya yeye kuwa rais mwaka 1978. Na Tom Mboya Street? Hiyo ilikuwa Victoria Street, ikapewa jina lake baada ya kifo chake. Sasa mtu akiandika chini ya picha "Moi Avenue, 1969", ametupa mahali sahihi kwa jina ambalo halijazaliwa. Mtafiti wa kesho akilitafuta jina hilo kwenye magazeti ya 1969 hatalipata. Andikeni majina yote mawili. Jina la siku ile kwanza, la leo baadaye. Haichukui hata nusu dakika.

Jina likikosekana, tazameni vinavyosimama. Katikati ya Samora kuna Sanamu ya Askari, mnaijua, mwanajeshi ameinama na bunduki yenye singe ameielekeza bandarini. Imesimama pale tangu 1927. Lakini wako wanaoleta picha za enzi ya Wajerumani wakisema hii ni Askari. Tazameni tena. Juu amesimama Mzungu, mkono kiunoni au upangani, na askari Mwafrika yuko chini yake pamoja na simba. Huyo ni Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, na sanamu yake iliondolewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Picha moja ni ya kabla ya sanamu hiyo kuondolewa, nyingine ni 1927 au baadaye. Mimi huitazama tofauti ya sanamu hizo mbili kwa uchungu na kwa fahari pamoja. Katika ya kwanza Mwafrika yuko miguuni pa mtu. Katika ya pili amesimama peke yake, ingawa ni kwa vita ambavyo havikuwa vyake.

Mnara wa Saa wa Dar es Salaam ulijengwa 1961 mji ulipopewa hadhi ya jiji. Soko la Kariakoo, lile la mapaa yanayochanua lililobuniwa na Beda Amuli, lilifunguliwa 1975. Zanzibar, mnara ukiwa umesimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani, picha ni ya kabla ya mabomu ya Waingereza ya Agosti 1896. Mnara ukiwa umeunganishwa na jengo lenyewe, ni baada ya hapo. Nairobi, jengo la mviringo la Hilton ni 1969 na KICC, lile jumba refu la mikutano, ni 1973. Nimewahi kushika postikadi ya Nairobi yenye muhuri wa posta wa katikati ya miaka ya sabini, na KICC haipo mahali ilipotakiwa kuonekana. Je, muhuri umedanganya? Hapana. Kadi ilipigwa picha mapema, ikakaa dukani miaka, ndipo mtu akainunua na kuituma. Muhuri wa posta unakupa mpaka wa mwisho. Siku ya picha hauijui.

Sasa jambo ambalo vijana mnaliweza kuliko wazee: upande. Kenya, Uganda, Tanzania tunaendesha kushoto. Kwenye mabasi ya zamani mlango wa abiria uko kushoto. Binti mmoja wa kidato cha tatu aliletewa picha iliyoandikwa "Dar es Salaam miaka ya hamsini". Wakubwa wote wameshakubali, yeye akakataa. "Mlango uko kulia," akasema. Wakamwambia picha imegeuzwa wakati wa kuchapishwa, hutokea. Na kweli hutokea, filamu ikiwekwa kinyume. Lakini yule binti akauliza swali ambalo kila mmoja wenu aondoke nalo: "Mbona maandishi ya dukani yanasomeka?" Picha ikigeuzwa, na herufi zinageuka. Herufi zikiwa sawa na mlango ukiwa kulia, hiyo ni nchi nyingine. Wakayasoma maandishi ya duka polepole. Yalikuwa ya Kifaransa. Ilikuwa picha ya upande wa Kongo na Burundi, kulikotawaliwa na Wabelgiji, kunakoendeshwa kulia.

Vivuli pia vinasema. Sisi tuko kusini kidogo mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, vivuli vinaanguka kusini. Desemba ni kinyume. Ukishaujua mtaa unakoelekea, kivuli kitakupa saa, na mara nyingine msimu. Na kama ni picha ya rangi, mkrismasi uliowaka mwekundu unakwambia mwisho wa mwaka umekaribia.

Lakini vitu vyote hivi vikishasema, bado kuna kinachobaki, na hicho kimo vichwani mwa watu walio hai tu. Mzee mmoja aliyekuwa kondakta aliletewa picha ya kituo cha basi. Tulishajua mtaa, tulishajua ni kati ya 1974 na miaka ya themanini mwanzoni. Tukamuuliza mwaka gani. Akakaa kimya, akasema hajui. Mjukuu wake akabadili swali: "Babu, hawa wanakwenda au wanarudi?" Mzee akajibu papo hapo, "Wanarudi. Tazama, vikapu vimejaa, na hakuna anayetazama saa." Kisha akaanza: nauli ilikuwa ngapi, nani alikuwa dereva, kwa nini siku zile basi halikupita daraja lile. Tukatazama vivuli: kweli, jioni. Na kile kisa cha daraja ndicho kilichotupa mwaka.

Msiwaulize wazee miaka. Hakuna anayeishi akihesabu tarehe. Waulizeni: ulikuwa na mtoto gani wakati huo? Ulikuwa unafanya kazi wapi? Ulikuwa unashukia kituo gani? Nauli ikiwa ndogo kuliko unavyokumbuka, ilipandishwa lini? Mwaka utajileta wenyewe.

Na ninyi wenye simu mpya, nawasihi. Zipo programu zinazosafisha picha za zamani, zinatia rangi, zinanyoosha nyuso. Zinapendeza. Lakini programu hizo zikikuta herufi zilizofifia ubavuni mwa basi, zinabuni herufi nyingine. Zinabuni namba. Zinabuni rangi ya basi. Ushahidi wenyewe ndio unaofutwa! Safisheni nakala mkitaka, ila ya awali ibaki kama ilivyo, na mnapotuma, tumeni ya awali.

Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, maana wino hupenya na kutokea usoni. Andikeni mipaka yenu miwili kama mlivyoipata: "kati ya 1974 na 1983". Msione aibu kwamba si mwaka mmoja. Mwaka mmoja wa kubuni ni mbaya kuliko miaka tisa ya kweli. Kisha andikeni mmejuaje: basi la UDA, mzee fulani amesema, duka fulani lilikuwa bado lipo. Atakayekuja baada yenu ataweza kuwasahihisha, na hilo ndilo tunalolitaka.

Nimemaliza upande wangu. Meza zimepangwa nne pale dirishani, mwanga ni mzuri. Wazee mliowahi kufanya kazi DMT, UDA au KAMATA, tafadhali kaeni wa kwanza, kila meza mmoja. Vijana, kila mmoja na penseli, mfuateni mzee mmoja na mwandike anachosema kama anavyokisema. Mama mwenye picha ndani ya Biblia, ile yenye basi mbele ya Mnara wa Saa, naomba tuanze na yako.